Mkate wa Kilindi cha Daraja

Jumamosi, 1 Machi
Mkutano wa chama chetu cha wavuvi. Mto wetu, Usk, unafunguliwa kwa uvuvi keshokutwa. Miezi mitano nimekuwa nikiyatazama maji kama mtu anayetazama keki ya jirani. Tumepiga kura ya bahati nasibu kugawana mahali pa kuvulia. Bi Delyth Gittins, katibu wetu, mwalimu mkuu mstaafu, kapata Kilindi cha Daraja. Mimi nimepata Kivuko cha Ng'ombe. Matope na samadi. Nimepiga makofi hata hivyo. Mwaka jana walinikuta na nyungunyungu kwenye ndoana, mahali panaporuhusiwa chambo cha nzi bandia wa manyoya tu. Wote walitaka nifukuzwe, akanitetea yeye. Nitamshukuru mpaka kaburini. Ila kilindi nakitaka.

Jumapili, 2 Machi
Njia imepatikana. Baridi hii trauti, samaki wa mto wetu, hawaamki mapema. Wanapanda juu saa sita mpaka saa nane tu, nzi weusi wanapotoka majini. Basi saa sita Delyth awe mezani kwangu. Nimemwomba mke wangu, Menna, apike supu ya kondoo na liki, vile vitunguu virefu vya majani, amwalike. Akauliza ukarimu huu nimeuokota wapi. Nikamjibu kwamba shukrani haina msimu. Kaanza kumenya viazi. Nimejaliwa mke.

Jumatatu, 3 Machi
Delyth kafika saa sita kamili, na fimbo yake ya kutembelea. Kasifu supu. Nikasema mkate umekwisha, nakimbia dukani. Mkate ulikuwa mezani, mbele ya pua yangu. Sikuuona.

Kilindini nzi walikuwa wamejaa juu ya maji, na trauti wanapanda ng'ambo ya pili, mmoja mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Mrusho wa kwanza, mshipi ukanasa mtini. Wa pili, nikaona nisogee hatua moja. Pale hakuna hatua moja zaidi. Suruali yangu ya mpira, ifikayo kifuani, ikajaa maji. Ufito wangu wa kuvulia ukaenda zake na maji. Nikashika mzizi na kukumbuka sala zote za utotoni.

Nikasikia sauti ya Delyth ukingoni: "Hefin, mkate umeupata?"

Walinivuta kwa fimbo ya Delyth na shali ya Menna, wanawake wawili wazima wakihema kama farasi. Nilipoacha kutapika maji, Delyth akasema, "Goti langu haliyawezi tena maji haya. Nilikuja kukuambia tubadilishane, wewe uchukue kilindi. Ungekaa ukamaliza supu, ungesikia."

Nimeponea chupuchupu kufa nikiiba kilicho changu.

Jumanne, 4 Machi
Kitandani. Blanketi tatu. Menna ananilisha supu ileile, wala hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Wanachama wanne wamekuja kunicheka, kila mmoja na keki mkononi. Delyth kaleta asali, na ufito wangu, ameukuta umekwama kwenye kokoto huko chini. Nikamwungamia yote, kuanzia kura. Kasikiliza hadi mwisho.

"Mwenzangu, nimefundisha miaka thelathini na minane," akasema. "Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuniaga eti anakwenda dukani?"

Akanifunika miguu. Sikujua kama nilie au nicheke. Nikaomba keki nyingine.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimevua kilindini kihalali. Saa sita mpaka saa nane. Nzi wamekuja, trauti hawakuja. Delyth, ameketi kwenye kigoda pale Kivuko cha Ng'ombe, kapata wawili, tena bila kulowesha kiatu. Yule mkubwa kanipa mimi. Menna kamkaanga kwa siagi, tukala wote watatu, na machozi yakanilenga. Sijawahi kula samaki aliyetoka katika mkono mwema kiasi hicho. Nilimwambia hivyo. Nikaapa mbele yao kwamba hila basi, nimezeeka, nimeokolewa, nimeshiba.

Delyth ameondoka. Menna anaosha vyombo. Nimekaa nikitafakari yale matope. Ng'ombe wakikanyaga, wadudu wanatoka, trauti wanajipanga upande wa chini maji yanakoelekea, kuwangoja. Kumbe kivukoni ndiko kwenyewe.

Kesho nitampitia Delyth mapema. Namjali sana yule mama, na goti lile halitaweza kukimbia. Nitamwambia kwa upole kwamba mwenye shamba la pale kivukoni ameleta fahali mkali.