Pikapu kwa Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 13 Februari 1967. Kiswere.

Niko macho tangu alfajiri, na si kwa ajili ya sala. Ni pikapu ya Valentini.

Valentini, mpasua mbao wetu, anarudi kwao Masasi kabla ya masika. Magoti yamemshinda. Anauza pikapu yake ya kijani, tairi nne nzima na ya tano nusu nzima. Misimu kumi na mmoja ya korosho nimejinyima kwa ajili ya gari. Kumi na mmoja! Khanga ya mke wangu Mwanaima imefuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Sasa fedha zimetimia bila kugusa hata mnazi mmoja wa shamba la marehemu baba. Gari limepatikana. Na mimi, Abdurahmani Likwata, ni Katibu wa tawi la Chama.

Wiki iliyopita redio imetangaza Azimio. Kiongozi asiwe bepari. Haya, mtu mwenye pikapu moja anayebeba samaki wa watu kwa malipo, huyo ni bepari? Redio haikusema, na redio huwezi kuiuliza.

Nikinunua sasa, wilayani watanivua ukatibu. Nikingoja mambo yaeleweke, atanunua Bakary, mchuuzi mwenzangu wa ng'onda, samaki wa kukausha. Bakary hana cheo, kwa hiyo hana cha kuogopa. Maskini mwenye bahati. Valentini amesema atangoja mpaka Jumanne ijayo. Siku nane.

Jumanne, 14 Februari.

Nilikuwa na mpango. Gari liandikwe jina la Mwanaima. Mpango safi, mfupi, wa nyumbani.

Leo gazeti lenye Azimio limefika na lori la Kilwa Masoko. Nimelisoma mlango ukiwa umefungwa. Kiongozi, wameandika, ni mtu pamoja na mkewe. Pamoja na mkewe! Walijuaje? Nimemtazama Mwanaima kwa shaka wakati wa chakula. Akaniuliza kama nina homa.

Ukatibu siuachi. Ofisi ina meza, mhuri, na kiti chenye mikono. Nikiingia watu husimama, wengine wao. Lakini na pikapu siiachi. Nimekaa kwenye kiti chenye mikono mchana kutwa nikivitaka vyote viwili.

Alhamisi, 16 Februari.

Nimemwonya Bakary kwa faida yake. Nikamwambia injini ile inakunywa oili, na gia zimefunguliwa mara mbili. Alinishika mkono akanishukuru sana, akaniita Ndugu Katibu. Nikarudi ofisini nimetulia.

Saa kumi Valentini akanijia na magoti yake mabovu, amekasirika. Bakary alikwenda moja kwa moja kumwomba apunguze bei, na akamtajia ni nani aliyemwambia habari za gia. Valentini akaniuliza nimejifunza lini ufundi wa magari. Nikamkaribisha kiti chenye mikono. Akasema habari ya Jumanne imekwisha. Jumamosi asubuhi, atakayefika wa kwanza na fedha mkononi ndiye mwenye gari.

Sina siku nane tena. Nina siku moja na nusu. Naogopa.

Ijumaa, 17 Februari.

Wazo limenijia msikitini katikati ya hotuba, Mungu anisamehe. Azimio limemtaja mke. Halikumtaja mama wa mke.

Nimelipekua gazeti zima baada ya sala, pamoja na ukurasa wa mpira. Hayumo. Na mama mkwe wangu, Bi Kidawa, yuko hapa hapa nyumbani. Ametoka Kikole wiki iliyopita kuja kumwangalia mjukuu. Mjane, mkulima wa muhogo na ufuta, hana cheo hata cha nyumba kumi. Halafu mtu mkimya. Miaka kumi na tano sijamsikia akisema neno lolote zaidi ya marahaba. Ni kweli kwamba nikimwona njiani naingia porini mpaka apite, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu, na hatujawahi kukaa pamoja. Lakini mkimya ni mkimya tu.

Tumezungumza hivi. Mimi nje ya ukuta, Mwanaima mlangoni, mama yake chumbani. Nimemwambia Mwanaima amwambie mama kwamba ni jina tu, gari ni letu. Mwanaima akamwambia. Kisha jibu likaja kupitia mlangoni: mama anauliza gari lina rangi gani.

Nikafarijika mno. Swali la mtu asiye na makuu.

Jumamosi, 18 Februari.

Nimenunua! Nilikuwa mlangoni kwa Valentini kabla hajatawadha. Hati ya mauziano imeandikwa jina la Bi Kidawa, Mwanaima akampelekea chumbani akaweka dole gumba lake. Saa mbili Bakary akatokea na fedha zake kwenye kitambaa. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi.

Jumatano, 22 Februari.

Kuna jambo moja dogo. Sijui kuendesha gari.

Pikapu imekaa uani siku nne, kuku wamekwisha kuizoea. Leo nikapata wazo kubwa kuliko yote. Bakary aliendesha lori la shamba la mkonge miaka sita. Awe dereva wetu. Mpinzani wangu anitumikie! Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mtu aliyekuja kugongewa mhuri akaondoka.

Mimi siwezi kuonekana natoa amri juu ya gari lisilo langu. Kwa hiyo nimemwambia Mwanaima amwambie mama yake amwambie Bakary. Bakary amekubali palepale.

Jumapili, 26 Februari.

Safari ya kwanza, Kilwa Masoko, na magunia tisa ya ng'onda. Bakary kwenye usukani. Mimi nimevaa koti, mkono uko kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Akatoka Bi Kidawa. Khanga mpya, mkoba, wanja. Mwanaima akaniletea ujumbe kwamba mama anakwenda na gari lake.

Mbele pana kiti kimoja kirefu. Mkwe na mkwe kukaa paja kwa paja, haijapata kutokea Kiswere na haitaanza na mimi. Nikapanda nyuma. Nimekaa juu ya magunia, mgongo kwa dirisha nisije nikamtazama, njia nzima. Vumbi limeingia mpaka kwenye kalamu. Na kutoka mbele nasikia kicheko cha mwanamke. Cha yule mkimya!

Sokoni mtu akauliza gari la nani. Bakary akasema la mama huyu. Akauliza na yule wa nyuma. Bakary akasema ni mkwewe, anashusha mizigo.

Nikashusha. Hakukuwa na mwingine wa kushusha.

Jumatano, 8 Machi.

Landrova ya wilayani imefika bila taarifa.

Bwana Fakihi, mkubwa wetu wa wilaya, anapita matawi yote kuangalia mali za viongozi. Akasimama mbele ya pikapu. Akaizunguka. Akauliza ya nani. Nikamwita Mwanaima alete hati. Bwana Fakihi akasoma, akalitazama lile dole gumba, akanitazama mimi. Niliona ukatibu wangu unapanda Landrova na kuondoka.

Jioni akaitisha mkutano. Akamsimamisha Bi Kidawa mbele ya kijiji kizima. Tazameni, akasema, mjane mkulima, kwa jasho lake mwenyewe, amenunua gari na anawabebea wenzake mazao. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa muda mrefu kuliko wote, kisha nikaandika muhtasari wa mkutano kwa mkono wangu na kuugonga mhuri.

Alipokuwa anaondoka akanivuta pembeni. Akasema ni pikapu nzuri, ilikuwaje isinunuliwe na mimi? Katibu wa tawi asiye na mshahara, mkulima wa korosho anayebeba korosho zake na za jirani, yeye binafsi asingeniuliza neno. Kisha akaniuliza kama naumwa.

Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 10 Machi.

Nimetaka gari langu. Mimi nje ya ukuta, Mwanaima mlangoni, mama yake chumbani. Nimemwambia Mwanaima amwambie mama kwamba lile jina sasa linaweza kurudi.

Jibu: mama anasema amesifiwa mbele ya Chama kwa jasho lake. Kama halikuwa jasho lake, basi kuna mtu amedanganya Chama. Je, aende wilayani akamweleze Bwana Fakihi jinsi ilivyokuwa?

Nimesema hakuna haja ya kumsumbua Bwana Fakihi. Mwanaima amecheka mlangoni, tena hakujificha. Nimeumia.

Jumanne, 14 Machi.

Mzee mmoja amekuja ofisini na barua iliyofungwa kwenye leso nyeupe. Barua ya posa. Nikamuuliza anaposwa nani, binti yangu ana miaka mitatu. Akasema Bi Kidawa. Wajomba zake wanakaa Kikole, mwanamume aliye karibu ni mimi, kwa hiyo barua inapitia kwangu. Mposaji ni Bakary.

Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Bi Kidawa ana miaka arobaini na saba, wala haifichi. Bakary ni mdogo kwangu kwa miaka minne. Alipotoka jandoni nilimbeba mgongoni analia. Mimi ndiye niliyemfundisha kusalimia wakubwa!

Nikatae kwa sababu ipi? Niseme naogopea pikapu? Pikapu si yangu, muhtasari wa mkutano unasema hivyo, nimeuandika mwenyewe. Nikamtuma Mwanaima akamwulize mama yake kama haoni heri angoje kidogo, mpaka masika yapite, mtu aamue kwa utulivu. Jibu limerudi kabla sijakaa. Mama anasema amengoja miaka tisa ya ujane. Anayependa kungoja angoje yeye.

Ijumaa, 17 Machi.

Ndoa imefungwa baada ya sala. Pilau, mbuzi wawili. Nyama ililetwa na pikapu, na nyuma ya pikapu nilikuwamo mimi na mbuzi.

Ikafika zamu yangu kumsalimia bwana harusi. Nikasema shikamoo. Bakary hakutabasamu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema marahaba, mwanangu.

Na sasa naye ni mkwe. Wa kulia siwezi kukaa naye, wa kushoto siwezi kukaa naye. Nimehesabu upya viti vya gari lile, changu hakimo. Nimelia kidogo nyuma ya jiko, Mwanaima akadhani ni moshi.

Jumatatu, 20 Machi.

Leo nimeamka mwepesi.

Valentini alipokuja kuniaga aliniambia kwamba binamu yake huko Lindi anauza mashine ya kusaga unga. Karibu mpya. Kiswere nzima haina mashine, wanawake wanatwanga. Anataka jibu kabla ya Jumamosi, kuna mwingine anaitazama. Safari hii sisiti, sipotezi siku nane. Minazi ya marehemu baba itatosha, nimekwisha kuzungumza na mnunuzi.

Jina ndilo nililolifikiria sana. Kosa la kwanza naliona wazi: nilichagua mjane anayeweza kuolewa. Sasa nimemchagua Bi Samia, bibi yake Mwanaima, mzaa mama yake, aliyebaki hapa tangu harusi. Ana miaka themanini na zaidi, meno mawili, hakuna wa kumposa. Bibi ni mtani wangu, naweza kukaa naye benchi moja bila kuvunja adabu. Na kwa Bakary ndiye mama mkwe! Hataweza hata kumtazama, sembuse kumshawishi. Nimefurahi mno.

Kwa uangalifu nimemuuliza Mwanaima kama Bi Samia ana watoto wengi, wasije wakaleta fujo za urithi siku za mbele. Amesema hapana, ana mmoja tu, mama. Vizuri kabisa. Nimemtuma aende akamweleze kwamba ni jina tu.

Amerudi sasa hivi. Bibi anauliza mashine ina rangi gani.