Peni Kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 3 Februari 1986

Boila, mtambo wetu wa kupasha nyumba joto, imekufa. Imekohoa mara mbili saa moja asubuhi, ikatema maji sakafuni, ikanyamaza. Nje theluji, ndani theluji kasoro kidogo. Enid, mke wangu, amekunywa chai akiwa na koti, glavu na kofia ya kanisani, huku akiniangalia kana kwamba boila ni ndugu yangu wa upande wa mama.

Fundi hapatikani mpaka Jumanne ijayo. Halifax nzima inatetemeka. Pesa zipo, pauni sitini, kwenye birika la kahawia lililovunjika mdomo. Enid amezihesabu mbele yangu polepole. Kisha akanikumbusha ya mwaka jana. Hakuwa na haja, nakumbuka. Pesa za mapazia nilizinunulia peni ya 1869, sarafu kuukuu ya mkusanyo wangu, naye akahamia kwa dada yake Hilda, Scarborough, siku tisa. Siku tisa nilikula maharage ya kopo na kuzungumza na redio. Nilidhani angekaa moja.

"Peni moja tena, Wilf," amesema leo, "naenda kwa Hilda, na safari hii usijisumbue kunifuata."

Nimeapa. Nilimaanisha kabisa. Halafu tarishi akaleta orodha ya mnada wa Oldroyd.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya kwanza ya kukagua vitu vya mnada. Nimemwambia Enid naenda maktaba kuota moto. Si uongo mtupu, maktaba iko njia hiyo hiyo.

Fungu namba 118: kopo la biskuti, peni za zamani kama mia tatu, hazijachambuliwa. Nikabana lenzi jichoni. Peni ya kwanza takataka. Ya arobaini takataka. Ya sitini na moja, nikaisogeza kwenye mwanga! Mwaka 1897. Mama Britania, yule mwanamke wa upande wa nyuma, ameketi na mkuki wake wa ncha tatu, bahari nyuma yake, na bahari imejaa!

Peni za kawaida za mwaka ule maji yamepwa, yako chini. Zenye maji yaliyojaa ni za kutafuta kwa tochi. Albamu yangu ina matundu ya peni za kila mwaka wa Malkia Viktoria, na tundu moja tu limekaa tupu miaka thelathini. Hilo.

Ya kwake anayo Cyril Bottomley, mwenyekiti wa chama chetu cha sarafu. Kila Krismasi huileta ndani ya kiboksi chenye mahameli. Haruhusu mtu kuigusa. Mwaka juzi aliniomba nisiipumulie.

Na nani anaingia mlangoni wakati huo huo? Cyril! Karani akamsalimu, akamuuliza mbona amerudi, si alikuja asubuhi. Kumbe ameshaiona! Anayo moja tayari. Hii ya pili anaitaka ili mimi nisiwe nayo.

Kando ya fungu 118 lilikuwapo fungu 119: kopo la vifungo vya nguo. Vifungo vikuukuu, mamia. Nani atagombania vifungo? Hakuna aliyekuwa akitazama. Mkono wangu ukafanya jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelifanya kamwe. Peni ikazama kwenye vifungo.

Nikamdaka Cyril kabla hajafika mezani, nikamvuta kwa kiwiko hadi mgahawani, nikamnunulia chai na pai. Kwa pesa yangu. Alishangaa sana, akaniuliza kama nimepewa habari mbaya hospitalini.

Jumatano, 5 Februari

Nimeshinda ndani nimejifunga blanketi, nikipiga mahesabu. Vifungo pauni mbili. Tatu, wakizidi sana. Boila haitajua lolote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi upara huu ulinidanganya muda mrefu.

Enid ametoka asubuhi kwenda kwa akina mama wa kushona, kanisani. Amerudi ana mashavu mekundu na furaha asiyotaka kuieleza. Sikuuliza. Mwenye siri hamchimbi mwenzake.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya mnada. Enid alipotoka kuwapa ndege makombo, nilichukua zile sitini zote kwenye birika. Za tahadhari tu.

Fungu 118 likaitwa. Cyril akainua kibao chake chenye namba na hakukishusha. Muuza vitabu mmoja kutoka Leeds alimfuata mpaka arobaini akachoka. Cyril akapata kopo kwa pauni hamsini na mbili. Hamsini na mbili! Kwa peni ambayo haimo! Nilitafuna skafu yangu nisicheke.

Fungu 119. Bwana Oldroyd, dalali mwenyewe, alianza na pauni mbili. Nikainua kibao. Akachungulia kitabu chake, akasema kitabu kina tatu.

Kitabu! Maana yake kuna mtu asiyekuwapo aliyeacha bei yake kwa maandishi, dalali amgombanie. Nikasema nne. Kitabu kikasema tano. Kumi. Kitabu kumi na mbili. Ukumbi ukaanza kugeuka kunitazama. Jasho likanitoka, la kwanza tangu Jumatatu. Nani huyu, mwenye kiu ya vifungo kiasi hiki? Isipokuwa anajua. Isipokuwa ni Cyril, amenizunguka! Ishirini na nane. Kitabu thelathini. Thelathini na nne. Kitabu thelathini na sita. Nikasikia sauti yangu ikisema thelathini na nane, sauti ya mbuzi. Bwana Oldroyd akapitisha kidole kwenye ukurasa, akafunga kitabu, akagonga nyundo.

"Bwana Sugden," aliniambia mbele ya watu wote, "unashonea kikosi kizima cha jeshi?"

Na ushuru wao juu yake, karibu arobaini na mbili. Zimebaki kumi na nane. Nimefika nyumbani Enid yuko dirishani. Nikapita uani, nikatia kopo kwenye banda la majembe, nikafunga kufuli. Kesho mapema nitaitoa peni yangu. Pesa za boila nitazipata kwa njia nitakayoifikiria.

Ijumaa, 7 Februari

Kufuli limeganda. Nimelipumulia. Nimelimwagia birika zima la maji ya moto. Likaachia, nikashangilia, nikatafuta ufunguo mfukoni, na nilipoupata maji yalikuwa yameganda tena na sasa hata tundu la ufunguo halionekani. Enid alifungua dirisha akauliza natafuta nini bandani kwenye baridi ile. Nikamwambia nimelikumbuka sepetu langu. Akafunga dirisha kwa kishindo.

Mchana alipiga simu kwenye korido ya nyumba, sauti chini. Nilisikia "Oldroyd". Nilisikia "nani?" Aliporudi jikoni macho yalikuwa mekundu. Birika la kahawia limesogezwa. Mdomo wake uliovunjika sasa unaelekea ukutani.

Anajua. Yameisha. Ninampenda mwanamke huyu miaka thelathini na nane na nimemuuza kwa kopo la vifungo. Nimehesabu makopo ya maharage kabatini. Sita.

Jumamosi, 8 Februari

Wakati wa kifungua kinywa Enid ameweka kikombe chini, akasema ana jambo la kuniambia, nisimkatize. Nikashika meza kwa mikono miwili. Nilijiandaa kupiga magoti, ingawa goti la kushoto lingehitaji msaada kuinuka.

"Nimekukosea, Wilf," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaendelea. Jumatano hakwenda kanisani. Alikwenda kwa Oldroyd na wenzake kuangalia vitambaa, akaona kopo la vifungo. Ndani mlikuwa na vifungo vinane vya kombe la chaza, sawasawa na vya gauni la harusi la mama yake, lile lililoungua na nyumba yao wakati wa vita. Alivishika, akavihesabu mara mbili. Akamwachia dalali bei kwenye kitabu. Pauni thelathini na sita! Za boila! Angezichukua Ijumaa. Lakini lipo jitu ukumbini lililompita kwa pauni mbili tu, na karani akakataa kusema ni nani.

"Nikakutisha na Hilda kwa peni moja," akasema, "na mimi nilikuwa tayari tugande wote wawili kwa ajili ya vifungo. Birika hata sikuthubutu kulifungua. Niliona aibu hata kulitazama."

Ee Mola! Roho ilinirudi kifuani kama mtoto anayerudi nyumbani mvua ikianza. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Kitabu kilikuwa Enid! Nililigombania kopo na mke wangu mwenyewe, kwa pesa moja, kutoka birika moja.

Nilitoka uani kwa viatu vya ndani, nikachukua jiwe, nikavunja lile kufuli kwa mapigo manne. Nikarudi na kopo, nikaliweka mbele yake. Nikasema niliona aibu kulitoa. Hilo lilikuwa kweli. Nikasema ni zawadi. Hilo lilianza kuwa kweli nilipokuwa nikilisema. Enid akavipata vile vinane kimoja kimoja, akavipanga juu ya siagi ya mkate wake bila kujua, akalia. Mimi pia. Halafu akafuta macho, akanitazama.

"Kwa hiyo lile jitu ni wewe."

Akaanza kucheka, na hakuweza kuacha. Mara ya mwisho nilimsikia akicheka vile tulikuwa Blackpool, na upepo ulikuwa umechukua kofia yangu.

Peni nilikusudia kuiokota kesho atakapokuwa kanisani.

Jumapili, 9 Februari

Hakusubiri. Vitu vya mnada vina uchafu wa watu, alisema, na jana ile ile alimwaga kopo zima, isipokuwa vile vinane, kwenye karai la siki na chumvi. Nimeamka nikaona karai. Mtu yeyote wa sarafu anajua: peni haioshwi! Haisuguliwi hata kwa leso! Ukiisha kuiosha umeitoa ngozi, haina tena thamani. Nikaingiza mkono kwenye siki hadi kiwiko. Ikatoka ya waridi, inang'aa kama pua ya mlevi.

Nikakimbilia lenzi ili niiage. Nikatazama. Nikatazama tena. Bahari imepwa! Maji yako chini kabisa, kama ya peni yoyote ya 1897. Yale "maji" ya juu yalikuwa mstari wa kutu ya kijani, na siki imeula. Ni peni ya kununulia peremende.

Nikakaa chini kwenye vigae baridi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Sikupoteza kitu! Hakikuwapo! Enid akauliza kutoka juu kama nimeanguka. Nikamwambia sijambo, sijawahi kuwa hivi.

Mchana Cyril alikuja, uso umemsawijika. Ametazama peni zake mia tatu mara nne. Akaniuliza kwa upole, mara ya kwanza tangu nimfahamu, kama mtu anaweza kuona maji yaliyojaa mahali yasipokuwapo. Nikamwambia inawezekana sana, mzee mwenzangu, ni macho. Nikamkatia kipande cha mkate wa tangawizi. Kikubwa.

Jumanne, 11 Februari

Fundi amekuja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na zile kumi na nane mfukoni, nikiomba. Akafungua, akapuliza, akatoa kijipira kilichopasuka, akaweka kipya. Pauni kumi na moja! Boila imeunguruma. Enid amevua kofia. Zimebaki saba, nimezirudisha mwenyewe kwenye birika, nikamwapia Enid kwamba mimi na Oldroyd basi. Naye akaapa. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara.

Alhamisi, 13 Februari

Orodha mpya ya Oldroyd imefika. Nimeitia kwenye moto wa jiko. Nimeitoa. Imeungua pembe tu.

Fungu 77: mfuko wa peni za zamani, hazijachambuliwa. Fungu 78: sanduku la kushonea, lina kastabini kumi na mbili, vile vikofia vya kidole cha mshonaji, na kimto cha sindano. Pembeni mwa 78 kuna alama ndogo ya kalamu ya risasi ambayo si yangu.

Birika lina saba. Mbili zitatosha. Nani atagombania kastabini?

Nimechukua kastabini ya Enid nikajaribu kuficha ndani yake ile peni ya waridi. Haiingii. Nimejaribu ya kidole gumba. Haiingii pia. Lakini kwenye kimto chake cha kuchomekea sindano, ukifumua mshono kidogo pembeni, inapita bila shida yoyote.