Giaboksi ya Kina Mama wa Tawa

Nzuki aliiona ile Peugeot nyeupe kabla hajawaona watu walioshuka ndani yake, na kwa fundi wa aina yake huo ndio utaratibu. Ilikuwa kuukuu, lakini giaboksi yake ilikuwa ya kujibadilisha gia yenyewe, kitu adimu katika soko la Wote mwaka huo wa 1986. Nyingine kama hiyo ilikuwa imelala gerejini kwake, mali ya Muktar, mfanyabiashara wa ng'ombe, giaboksi imekufa kabisa. Nzuki alikuwa amemwahidi Muktar giaboksi nzima kutoka Nairobi. Nairobi ni mbali. Hii nyeupe ilikuwa hatua kumi na tano.

Nzuki alichukua bomba la sindano ya kuchanjia ng'ombe, akalijaza oili nyekundu ya giaboksi, akajilaza chini ya gari kama mtu aliyeangusha shilingi, akamimina kidimbwi. Si kikubwa, kikubwa huleta maswali. Kisha akaenda kuegemea nguzo na kuvaa uso wa msiba.

Gari lilikuwa la kikundi cha kina mama cha Tawa, kikundi cha mwethya, yaani wale wanaolimiana mashamba na kuchimbiana matuta kwa zamu. Walilinunua kwa mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo, na sasa lilibeba wajawazito hospitalini na maembe sokoni, mara nyingine kwa safari moja. Dereva alikuwa mwenyekiti wao, Mama Kavata.

"Pole, mama," Nzuki alimwambia aliporudi.

"Pole ya nini?"

"Ya gari." Akaelekeza kidole chini, taratibu, kama anayewaonyesha jamaa maiti. "Hiyo nyekundu si oili ya injini. Hiyo ni damu ya giaboksi. Ukiendesha hivyo, utafika Tawa ukivutwa na punda."

Mama Kavata aliinama, akapitisha kidole chini ya tumbo la giaboksi. Kidole kilirudi na vumbi kavu la barabara ya Tawa, bila tone. Akakipangusa kwenye leso. Nzuki hakuona. Alikuwa akitazama funguo za gari.

"Kutengeneza ni pesa ngapi?"

Fundi mjinga angetaja bei, na bei huwafukuza watu. "Mama, nitawachajije watu kama nyinyi? Labour ni bure. Nunueni oili tu. Niachieni gari siku tatu, na msijisumbue kuja."

"Bure kabisa?"

"Kwa jina la Bwana."

"Basi hiyo si biashara, kijana wangu. Hiyo ni mwethya."

"Iite unavyotaka, mama," alisema Nzuki, mkono tayari umenyooka kupokea funguo.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa chini ya gari jeupe, spana mkononi. Giaboksi mfu ya Muktar ilikuwa kando, imefunikwa gunia, ikingoja kuingizwa mahali pa ile nzima. Ndipo aliposikia nyimbo. Alipotoa kichwa aliona wanawake arobaini na mmoja, makarai, masufuria, na majembe matatu yaliyokuja kwa mazoea.

"Umeamkaje, fundi? Tumekuja kukusaidia," alisema Mama Kavata.

"Mama, hii ni kazi ya kitaalamu."

"Ndiyo sababu tumekuja wengi."

Susu Ndululu, bibi mkongwe kuliko wote, alitafuta pa kukaa, akaona kitu kigumu kimefunikwa gunia, akajiweka juu yake na kuanza kusuka kiondo. Hakuinuka hadi jioni.

Bolti ya kwanza ilipofunguka, mmoja wa kina mama, Nthenya, aliipokea. Ya pili ikaenda kwa jirani yake. "Bolti moja, mtu mmoja," Nthenya alieleza. "Ukitaka yako, utatuita kwa majina." Giaboksi ikateremshwa kwa kamba na mikono kumi na miwili, kama mgonjwa.

"Sasa niipeleke kule nyuma ikaoshwe," alisema Nzuki.

"Karai si hili?"

Wakaisugua hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi. Kisha Mama Kavata akachuchumaa. "Haya, fundi. Tuonyeshe panapovuja."

Nzuki alitafuta. Hakuna mtu aliyewahi kutafuta uvujaji kwa moyo safi kama yeye asubuhi hiyo. Mwishowe akachokoa sili ya nyuma, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke. Ulikuwa umekauka kwa miaka. Ukavunjika mikononi mwake. Ulikuwa hauvuji, lakini sasa bila mwingine giaboksi ingevuja kama kichujio.

"Ni hii," alisema. "Na mpya haipatikani Wote."

"Na hiyo inayochungulia mfukoni mwako?" aliuliza Nthenya.

Ilikuwa mpya, aliyoinunua kwa ajili ya gari la Muktar. Aliifunga, akairudisha giaboksi mahali pake akiita majina arobaini, moja kwa kila bolti.

Saa tisa injini iliwashwa. Mama Kavata akanyunyiza unga wa mahindi chini ya gari, akapitisha gia zote, na kikundi kikaimba nyimbo tatu za kanisani na beti zake zote. Unga ukabaki mweupe. Muktar, aliyepita kuulizia mzigo wake wa Nairobi, aliitazama Peugeot nyeupe, akamtazama Susu na kiti chake, akamtazama Nzuki. Akaelewa Nairobi yake ilikuwa wapi. Alikwenda kutafuta lori la kulivuta gari lake hadi Machakos.

"Asanteni, kina mama. Safari njema," alisema Nzuki kwa uchovu.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kwa Nthenya," alisema Mama Kavata. "Ni matuta. Jembe tutakupa."

"Mimi?"

"Mwethya hurudishwa. Wewe umetufanyia siku moja. Sisi watu arobaini na mmoja tumekufanyia kila mmoja siku yake. Zimebaki arobaini."

"Na nikikataa?"

"Hakuna anayekataa. Kuna wanaohama."

Nzuki alifikiria kila gari kati ya Wote na Mbumbuni, na ni mume, mwana au shemeji wa nani aliyeliendesha. Jumatatu alikuwa kwa Nthenya kabla jua halijatoka.

Siku ya tatu alilalamika mgongo. Susu Ndululu akamlaza kifudifudi, akamkanda kwa mafuta ya nyonyo hadi akapona, na kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi, akaongezewa siku moja.