Mzee Sixten Katembeaje?

Jumatatu, 2 Machi 2009
Nafasi moja ya kudumu! Bosi wetu Gunilla katangaza leo ofisini Spånga, huku kwa Waswidi. Ijumaa ya wiki ijayo atamchagua mmoja wetu sisi vibarua tunaohudumia wazee majumbani kwao. Ni mimi au Bethuel. Mwenye nyumba yetu ya Fisksätra anaitaka mwisho wa mwezi, na bila ajira ya kudumu hakuna wa kutupa mkataba wa nyumba nyingine. Kwa hiyo ni mimi. Bethuel ni nani? Mkenya mwenye shahada ya samaki.

Ila Gunilla kalalamikia maandishi yangu kwenye daftari la zamu. Eti kila siku kuhusu Mzee Sixten naandika "katembea vizuri". Mtaalamu wa viungo anataka kujua katembeaje. Katembeaje! Kwa miguu, mama.

Jumanne, 3 Machi
Binti yangu Ariane kajilaza kochini na vile vitabu vyake vya picha vya Kijapani. Nikamgombeza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida. Nikamnyang'anya kimoja. Kumbe! Kila mtu anayetembea kaandikiwa neno miguuni, na maana iko chini ya ukurasa. Anayepepesuka, yoroyoro. Mwenye haraka zake, sutasuta. Anayejikokota, noronoro. Sisi mtu akianguka tunasema puu, akitumbukia majini, chubwi. Waswidi maskini hawana kitu. Wanaanguka kimyakimya.

Nimepata mpango. Bethuel kwisha habari yake.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeandika: "Mzee Sixten, kitandani hadi chooni: noronoro. Chooni hadi kwenye kahawa: sutasuta." Gunilla kauliza ni nini hiki. Nikasema ni istilahi za kimataifa. Akaitikia kwa kichwa, masikio mekundu. Mswidi anaogopa sana kuonekana hajui. Baadaye Bethuel kaja kwa adabu zake za chuo: mzee Zénon, hebu nifafanulie. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Maneno haya nikiyajua peke yangu, wataniacha vipi?

Jumamosi, 7 Machi
Siku yangu ya mapumziko. Simu imelia mara tano. Ofisini wanauliza: furafura maana yake nini? Jana niliandika kwamba Mzee Sixten siku hizi anatoka bafuni furafura. Nimezima simu. Acha watambue nani ana umuhimu pale. Nimelala usingizi mtamu.

Jumatatu, 9 Machi
Mzee Sixten alianguka juzi. Puu, kati ya kochi na redio, katoka tu bafuni. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ni kiwiko tu kimevilia damu. Furafura ni mtu mwenye kizunguzungu, wa kushikwa mkono. Gunilla kaniuliza kama nilijua. Nikasema neno lilikuwa limeandikwa wazi, tena kwa herufi kubwa.

Mke wangu Fébronie kasema: Baba Ariane, yule ni baba wa watu. Kusema kweli niliona aibu. Kama dakika kumi hivi.

Jumatano, 11 Machi
Kikulacho ki nguoni mwako! Kumbe Jumapili kanisani, mimi nimebaki kitandani, Bethuel alimuuliza Ariane, na binti kamwaga yote. Tena kamchorea! Leo karatasi imebandikwa ukutani ofisini: maneno manane, maana kwa Kiswidi, na vijitu vinavyopepesuka. Elvire Mkongomani, ambaye Kiswidi chake ni cha kuokoteza, sasa anajaza daftari kama karani. Hata Mzee Sixten kapiga simu mwenyewe asubuhi: leo mimi noronoro, msiniharakishe. Mtaalamu wa viungo kaipiga picha ile karatasi. Washamba watupu.

Ijumaa, 13 Machi
Kapewa Bethuel. Gunilla kasema anajua wazo ni langu, na ni zuri. Lakini neno linalojulikana na mtu mmoja halimzuii mzee kuanguka. Maneno matamu ya kumkatia mtu riziki!

Nimefika nyumbani. Fébronie alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Tunahamia Fittja kwa kaka yake Onésime, chumba kimoja, watu watatu. Ariane kaniomba radhi, tena kwa Kiswahili. Nikachukua gazeti, nikafunga kikombe.

Jumanne, 17 Machi
Nafasi nyingine inakuja kiangazi! Nimelitafuta kosa langu na nimeliona. Kijapani kina vitabu, na kina watoto wanaovisoma. Safari hii maneno natunga mwenyewe. Leo nimeandika: "Mzee Sixten, mlangoni hadi dirishani: mbidobido." Maana yake siijui hata mimi. Sasa Bethuel aje aibe!