Jua, Waya wa Amisi na Mama Mkwe

Leo nimeumbuka, tena mchana kweupe. Nawaambieni mwenyewe kabla majirani hawajatia chumvi.

Mama mkwe alifika jana kutoka Lukafu. Alikuja kuona kama bintiye ameolewa na mwanamume wa maana, la sivyo amrudishe nyumbani. Tegemeo langu lilikuwa redio. Nani mwingine mtaani kwetu hapa Elisabethville anayo? (Anayeionea wivu namjua. Ni Amisi, fundi cherehani, jirani yangu.)

Asubuhi nikamwona mke wangu akinong'ona na Amisi. Mara mke wangu akavuka ua na ndoo ya maji ya moto. Maji ya moto, kwa mwanamume mwingine! Roho iliniuma.

Adhuhuri nikawasha redio, wageni wamejaa. Mama mkwe sikumwona, lakini kwa desturi yetu mama mkwe hukaa mbali na mkwewe. Muziki wa Léopoldville ukaja vizuri, ukafifia, ukakatika. Nikagonga betri, nikazungusha vifungo. Wapi! Kuchungulia kwa jirani, Amisi huyo anakaza waya wa shaba. Na waya wa antena yangu unapita juu ya paa lake! Nani asingeshuku? Nikaruka ua.

"Ndugu, usivute ile waya," Amisi akasema polepole. "Mule kuko muntu."

Muntu gani? Nikavuta kwa nguvu zote.

Kumbe waya ulishikilia ukuta wa matete wa bafu lake. Ukuta ukalala chini. Mama mkwe akabaki wima, kajifunga kitenge, povu hadi machoni. (Mama mkwe haogi kwenye ua wa mkwewe wa kiume. Mila yangu mwenyewe, nikaisahau! Mke wangu alikuwa amemwombea bafu kwa jirani.)

Wageni wote walikuwa wameshapanga mstari uani. Binamu yangu, anayeongea na marubani kwa redio pale uwanja wa ndege wa Luano, akanishika bega.

"Haiko muntu, ni jua," akasema. "Kule yulu sana, kupita mawingu, kuko hewa inarudishaka sauti ya redio chini. Leo jua iko na zoruba, ile hewa inameza sauti yote. Hata ku Luano tuko bubu."

Hapo hapo redio ikaanza kuimba yenyewe.

Mama mkwe ameondoka na mke wangu. Mke harudi mpaka nipeleke mbuzi wa faini Lukafu. Amisi nimemwomba radhi, akacheka tu. Jua limekosa, mbuzi natoa mimi.