Kifungu cha Tisa na Mafuta ya Kupima

Wananchi wote wa Kisumu wanaarifiwa kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, umaskini utaondolewa kwa njia ya kununua vitu vingi kwa pamoja.

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo letu, na najua kwa sababu mimi ndiye niliyeliandika. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kitaalamu ya Akiba ya Kaya, ofisi iliyo juu ya duka la magodoro kule Kondele, ghorofa ya tatu, mlango wenye pazia. Kazi yetu ni kumsaidia mwananchi wa kawaida abakishe kitu mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe hajui kubakisha. Angejua, angekuwa amebakisha.

Tumejaribu mengi miaka iliyopita, na yote yalifaulu. Wenye kumbukumbu ndefu watakumbuka Mwaka wa Jiko Sanifu, tulipogawa majiko mia nne ya kuokoa nusu ya makaa. Yalikuja bila matundu ya hewa, kwa hiyo yaliokoa makaa yote. Watakumbuka Kampeni ya Kutembea kwa Miguu, iliyozinduliwa na msafara wa magari kumi na moja. Halafu kulikuwa na Zima Taa Uokoe Pesa, ambayo tuliipeleka kwanza upande usiokuwa na stima ili tupate matokeo ya haraka. Tuliyapata.

Lakini utafiti wa mwaka huu ulimfichua adui mwenyewe. Adui ni kupima.

Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa, ila kwa faida ya wataalamu nitaeleza. Mtu wa mtaa wa Manyatta hanunui chupa ya mafuta ya kupikia. Anakwenda dukani na chombo chake, anasema "ya kumi," na mwenye duka anampimia mafuta ya shilingi kumi. Sukari anachukua ya ishirini, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nyanya, fungu moja. Kesho anarudi tena. Wachumi wetu walikaa siku tisa kwenye hoteli moja kando ya ziwa, wakagundua kwamba mtu anayenunua mafuta ya kumi kila siku, mwisho wa mwezi huwa amelipa zaidi ya yule aliyenunua mtungi mara moja. Ugunduzi huo ulipigiwa makofi. Mama aliyekuwa akitupakulia samaki alisema hata yeye anajua hivyo, lakini hakuwa kwenye orodha ya washiriki, kwa hiyo hatukuandika.

Mkurugenzi wetu, Bwana Joram Owiti, ni mtu wa vitendo. Ana suti ya kijivu na sauti ya kufungulia mikutano. Aliniagiza niandike Mwongozo wa Akiba ya Kila Mwezi, nami nikauandika kwa vifungu kumi na viwili. Kilichokuja kujulikana ni cha tisa: "Ni marufuku mtu yeyote ndani ya eneo la majaribio kutoa au kupokea bidhaa, huduma au malipo kwa vipimo vidogo vidogo, pale ambapo kipimo cha mwezi mzima kinawezekana." Mwanzoni niliandika bidhaa peke yake. Sentensi ikaonekana imekonda, nikaiongezea huduma na malipo ili ipate mwili.

Eneo la majaribio likawa Manyatta, na Manyatta tukaanza na duka la Mama Sheryl.

Jina lake kamili ni Maximilla Naswa. Alitoka upande wa Busia miaka mingi iliyopita, akajenga duka la mabati lenye dirisha moja la wavu, na kwenye dirisha hilo watu wa nyumba kama arobaini hupitisha mikono asubuhi na jioni. Sheryl, bintiye, yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Karo yake inatoka kwenye dirisha hilo, na hakuna dirisha lingine. Nilipeleka notisi mimi mwenyewe. Ilisema kwamba ikifika tarehe mosi akiwa bado anapima, leseni yake haitafanywa upya na duka litafungwa kwa faida yake.

Aliisoma polepole mpaka chini, hadi jina la mpiga chapa. Mama huyu aliacha shule darasa la sita, na tangu hapo amesoma kila karatasi ya serikali iliyomfikia. Ni tabia inayosumbua ofisi nyingi. Akaniomba nimwachie na Mwongozo wenyewe, wote, si ukurasa mmoja. Nikamwachia. Kisha akaniuliza.

"Sasa Bwana Katibu, mtu wa mjengo analipwa jioni. Ametoa ya nyumba, ametoa ya mtoto. Hiyo mtungi ya mwezi atanunua na nini?"

Nikamweleza kwamba hilo limeshughulikiwa katika kifungu cha nne, kinachomshauri mwananchi awe na pesa kwanza.

Opiyo, mwendesha boda boda aliyekuwa ameegemea pikipiki yake akingoja sukari, akauliza kama hicho kifungu cha nne kinaweza kupimwa cha ishirini. Mwongozo hautoi nafasi kwa mzaha.

Mama Sheryl hakucheka wala hakukasirika. Akaniambia kwamba mafuta anayopima huyanunua kwa jumla, mitungi ya lita ishirini, yeye na wenzake saba wa chama chao, na hukodi mkokoteni mmoja ili wasilipe usafiri mara nane. Mahindi huyachukua wakati wa mavuno, gunia kwa gunia, wakagawana. Maharagwe hulowekwa usiku, yakachemshwa mara moja kwa jiko moja, kila nyumba ikachukua yake.

"Hawa watu wameshanunua kwa jumla," akasema. "Mimi ndiyo stoo yao. Mtu ako kwa chumba moja na watoto wanne, mtungi ataweka wapi? Na mafuta ikiwa ndani, shemeji akikuja unakaanga ya wiki mzima. Ikiwa ya kumi, ni ya kumi. Hakuna shemeji anaweza kula mafuta iko kwangu."

Nikaandika kwenye fomu: Mhusika amekataa akiba.

Sheria inataka wananchi washirikishwe kabla ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Tukawashirikisha siku tatu kabla ya tarehe mosi, katika ukumbi wa Kaloleni, kwa soda na mkate. Nilifika na ripoti ya mkutano ikiwa tayari imepigwa chapa, pamoja na malalamiko kumi na manne ya wananchi na majibu yake, ili tusipoteze muda.

Mama Sheryl alisimama wa kwanza. Nikafungua ukurasa wa majibu yake. Lakini hakulalamika.

"Mkurugenzi," akasema, "sisi watu wa Manyatta tumesoma huu mwongozo. Tunaunga mkono. Tunaomba tu kitu moja. Kifungu ya tisa ipite vile iko. Msiondoe hata neno moja."

Wanawake saba wa mstari wa mbele wakaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata. Kwa miaka yangu yote ya utumishi sikuwahi kuona wananchi wakiunga mkono kitu, na fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuandika hivyo. Bwana Joram akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatia sahihi hapo hapo. Nikagonga muhuri. Mpiga picha akapiga, na kabla wino haujakauka picha ilikuwa imefika Nairobi, na Nairobi wakawa wamejibu kwa pongezi.

Ndipo Mama Sheryl akasema ana swali dogo, la kuelewa tu.

"Hii kikao ya leo ni ya ngapi mwezi hii?"

Maswali ya takwimu hujibiwa na Katibu. Nikaangalia daftari. "Ya kumi na tisa," nikasema.

"Na kila kikao iko na marupurupu yake?"

"Ndiyo, mama. Ni haki ya mjumbe. Hulipwa kikao kikiisha."

"Kila kikao kikiisha."

"Kila kikao."

Akageuka, akautazama ukumbi kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kalamu. "Sasa hiyo si malipo ya kupima?"

Halafu Opiyo, kule nyuma, akamwambia jirani yake kwa sauti ambayo jirani peke yake hakuihitaji: "Omera, kumbe hawa wanakula mkutano ya kumi kumi."

Mkurugenzi akangoja kicheko kipungue. Akaeleza kwamba kikao si mafuta. Kila kikao kina ajenda yake, na ajenda ya Jumanne haiwezi kuwekwa hadi Alhamisi bila kuharibika. Mama Sheryl akaomba Katibu asome hizo ajenda ili wananchi wajifunze. Bwana Joram alinitazama kwa jicho la kusema nisisome, lakini jicho si agizo la maandishi, na mimi ni mtu wa kanuni. Nikasoma. Kikao cha kwanza kilipanga tarehe ya kikao cha pili. Cha pili kilithibitisha tarehe ya cha kwanza. Cha tatu kiliahirishwa kwa sababu ya mvua, baada ya malipo. Cha nne kilijadili chai. Cha tano kilijadili kwa nini cha nne kilikosa maziwa. Nilipofika cha saba, watu walikuwa wamesahau soda zao.

"Inatosha, Bwana Katibu," akasema Mama Sheryl. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na mteja. "Mkubwa, mimi sina ubaya na wewe. Wewe unalipwa kidogo kidogo, mimi nauza kidogo kidogo. Sisi wawili ni kitu moja. Mimi niko na mtoto shule na hiyo dirisha peke yake. Sasa, ama utoe hii kifungu, ama uanze na wewe."

Kukitoa hakukuwezekana. Sahihi ilikuwa mbichi na pongezi za Nairobi zilikuwa kwenye simu yake. Bwana Joram akasema kwa upole kwamba, kwa bahati mbaya, kifungu kinahusu eneo la majaribio, na ofisi yetu iko Kondele. Angekomea hapo tungekuwa salama. Lakini mpiga picha alikuwa ameinua kamera tena, na Bwana Joram hajawahi kuona kamera akanyamaza.

"Hata hivyo," akasema, akanyoosha mkono kuelekea paa, "sisi viongozi hatuogopi kuonyesha mfano. Kamati yangu iko tayari wakati wowote kuwa eneo la majaribio."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Mkurugenzi akainama kidogo kuyapokea, na akiwa bado ameinama nikamkumbusha sikioni kifungu cha pili. Kifungu cha pili kinasema majaribio hufanyika katika eneo moja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu ya ufinyu wa bajeti. Kamati ikiingia, Manyatta inatoka.

Alinyooka polepole. Mama Sheryl alikuwa ameshaketi, akinywa soda. Yeye alikuwa amekisoma tangu wiki iliyopita.

Utekelezaji ulianza tarehe mosi, kama tulivyoahidi umma. Manyatta itabaki nje ya majaribio mpaka tathmini ifanyike. Tathmini hufanywa na kikao cha wajumbe wote, na kwa mujibu wa kifungu cha tisa kikao sasa ni kimoja kwa mwezi, chenye marupurupu mamoja, yanayolipwa siku ya mwisho. Mjumbe mmoja akaandika kwamba ana mgonjwa kijijini. Wa pili ana palizi. Wa tatu, mtu mkweli, aliandika kwamba haji. Akidi haijatimia hadi leo, kwa hiyo tathmini haijafanyika, na duka la Mama Sheryl liko wazi kwa sababu za kiutaratibu. Nasikia Sheryl amelipiwa muhula mzima. Hilo halikuwa lengo la mradi, lakini nimeliorodhesha chini ya mafanikio.

Tarehe kumi na sita, saa kumi jioni, nilikwenda Manyatta kikazi, kuthibitisha kwamba majaribio kweli hayafanyiki huko. Nikakuta foleni dirishani. Mtu wa tatu kutoka mbele alikuwa Bwana Joram. Koti la suti alikuwa amelivua na kulikunja juu ya mkono, na chini ya koti kulikuwa na chupa tupu ya maji. Aliponiona alisema anafanya ukaguzi. Nikasema nami pia. Nikasimama nyuma yake.

Zamu yake ikafika.

"Karibu, mkubwa," akasema Mama Sheryl. "Ya ngapi?"

Mkurugenzi akakohoa. Mkutano ungefunguliwa kwa kikohozi kile. "Ya kumi," akasema. "Na sukari ya ishirini. Lakini niongeze kidogo, Mama Sheryl, shemeji yangu amekuja."

Akampimia. Akangoja tone la mwisho liingie kwenye chupa, kama anavyowangojea wote, akamwongezea kidogo cha shemeji, akampa. Bwana Joram akashika njia ya nyuma ya vyoo, isiyo na watu wengi.

"Na wewe, Bwana Katibu," akasema mama. "Unakagua ama unanunua?"

Nikamwomba anipimie makaa, mkebe mmoja. Ukaguzi, nikamwambia, tutaufanya mwisho wa mwezi, tukilipwa.