Kofia ya Da Zuwena na Uji wa Mama

Jamani, leo nimeaibika. Tena si njiani wala sokoni. Nimeaibika msikitini, mbele ya sheikh, bwana harusi na nusu ya wanaume wa mtaa wetu wa Mpendae. Nawasimulia mwenyewe humu kwenye kundi kabla hamjasikia kwa wengine, maana kisa kishaanza kutembea na kila anayekibeba anakitia chumvi. (Chumvi ingekuwa nafuu. Mtanielewa mbele.)

Wengi wenu mnamjua dada yangu Zuwena. Kwa asiyemjua, ni mkubwa wangu, na anashona kofia za viua kwa mkono, zile za vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka macho yanauma. Zamani alishona kupitisha muda tu, yeye na wifi zake wa Bwejuu. Mumewe alipofariki mwaka jana, akakaa eda, akatoka eda, na kofia ikawa ndiyo kazi. Mwanawe anasoma kwa sindano ile. Na hali ndiyo hii mnayoiona. Uzi umepanda, kila kitu kimepanda, na madukani zimejaa kofia za mashine kwa bei ya kutupa.

Mimi mchango wangu ni maneno. Kila siku nawaandikia humu tuwaunge mkono dada zetu, tununue kwa mama zetu. (Sindano sijawahi kushika. Kifungo kikikatika, navaa shati jingine.)

Sasa, wiki iliyopita Da Zuwena alikwenda Mlandege kwa Bwana Mustafa, mwenye duka la kanzu na kofia alilorithi kwa babu yake aliyetoka Bara Hindi. Bwana Mustafa si mtu mbaya, ila ni mgumu. Akamwambia kofia ya mkono siku hizi haitoki, inakaa kabatini mpaka inageuka rangi. Dada hakuondoka. Akakaa pale pale mpaka mzee akalegea kidogo.

"Basi, Bibi. Mezani kofia zote nzuri. Mie nataka kuiona kichwani. Nnakuja kwenye nikaha ya Suleiman, huko mtaani kwenu. Mvishe mtu, nimuone."

Kichwa kikatafutwa. Nyumbani kwetu kichwa cha mwanamume ni kimoja, nacho ni hiki changu.

Mjue uzito wake. Bwana Mustafa akizikubali, Da Zuwena na wifi zake wana pa kupeleka kofia zao siku zote. Akizikataa, dada alishasema anaweka sindano chini, anakwenda kutafuta kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli huko pwani, na mtoto anatuachia mimi na Mama. Alilisema hilo huku anakunja nguo, kama anazungumzia hali ya hewa. Mimi usingizi ulinipaa.

Leo ndiyo siku ya ndoa hiyo, na asubuhi ilimbidi aende Bwejuu kuwapelekea wenzake uzi. Kofia alishaimaliza na kuifua, imebaki kutiwa wanga tu. Kofia ya viua bila wanga hukaa kichwani kama kitambaa cha kufutia meza. Ikitiwa, inasimama. Kazi hiyo nikaachiwa mimi.

"Haji, nisikilize vizuri. Jikoni mna sufuria mbili. Yenye mfuniko ni uji wa mchele wa Mama, mpe saa saba. Isiyo na mfuniko ni wanga wa kofia. Ichovye, ikamue, ivalishe bakuli, iweke juani, kisha ipige pasi. Umefahamu?"

"Nshafahamu, Da Zuwena."

"Hebu rudia."

"Dada, kwani mie mtoto?"

Akanitazama. Akavaa buibui lake akaenda zake.

Nilipoingia jikoni nikamkuta paka wa jirani katia pua kwenye sufuria iliyo wazi. Nikamfukuza. Nikaona bora niifunike. Nikauchukua mfuniko wa ile nyingine, nia yangu nipime kama unaenea. Simu ikalia. (Masoud, wewe ndiye uliyepiga, na ulikuwa huna la maana.) Nilipomaliza kuzungumza, mfuniko uko mkononi, sufuria mbili ziko wazi mbele yangu, na zote mbili ndani mna kitu cheupe.

Nikafikiri. Nikaifunika ya kushoto kwa kujiamini kabisa. Kujiamini sijawahi kupungukiwa nako.

Hapo mtu mwenye akili angechovya kidole akaonja. Mimi nikachovya kofia kwenye sufuria iliyobaki wazi. Ikanywa vizuri sana. Nikaikamua taratibu kama nilivyofundishwa, nikaivalisha bakuli, nikaiweka juu ya ukuta wa uani juani, na nikajisifu peke yangu.

Saa saba nikampelekea Mama uji wake. Akanywa funda moja.

"Haji, uji huu haukutiwa sukari."

"Da Zuwena kasahau, Mama. Leo ana mambo mengi."

Nikatia sukari, nikakoroga, nikampa tena. Akautafuna. Uji, jamani, akautafuna.

"Unanata."

"Ndio wenye nguvu huo, Mama."

Akaumaliza wote, kwa sababu Mama hajapata kutupa chakula maisha yake yote. Nami nikaenda kupiga pasi.

Pasi ilipogusa kofia, ikatoka harufu nzuri ajabu, harufu ya kashata inayoiva. Nikajisemea kwa kina Suleiman leo wamejitayarisha, hata kashata wanapika. Kofia ikatoka ngumu, nyeupe, inang'aa. Nikaipiga picha nikamtumia dada.

Akajibu: "Mashallah. Mbona inang'aa hivyo?"

Nikamwandikia: "Mkono wangu una baraka."

Nikaiweka dirishani nikaenda kuoga. Niliporudi nikakuta sisimizi wawili wanatembea pembeni yake. Nikawapuliza, wakaanguka. (Sikujiuliza wametoka wapi. Wala sikuvichungulia vile viua, ambavyo, nawakumbusha, ni vitundu.)

Tukasali alasiri msikitini, watu wakakaa kwa ajili ya nikaha. Bwana Mustafa alikuwapo, kakaa karibu na nguzo, miwani puani, macho kwenye kichwa changu. Na mambo yalivyotaka kuninyookea, shahidi mmoja akachelewa. Sheikh akatazama huku na huku.

"Yule kijana mwenye kofia nzuri na aje akae hapa."

Naam, nikaenda. Nikakaa katikati kabisa, baina ya Suleiman na baba wa bibi harusi, shingo nimeinyoosha. Nilifurahi kweli. Nilimfikiria Da Zuwena na macho yake mekundu, nikasema leo kazi yake imekaa mahali pake.

Umeme ukakatika. Feni zikasimama. Sheikh akaanza khutba ya nikaha, na jasho nalo likaanza. Likateremka kwenye paji, likapita pembeni ya pua, likanifikia mdomoni. Nikalilamba.

Tamu.

Jasho langu lilikuwa tamu. Nikalamba tena kuhakikisha. Hapo ndipo zile sufuria mbili zikanijia, na sauti ya Mama ikisema haukutiwa sukari, na ile harufu ya kashata. Mwili wote ukanifa ganzi. Isipokuwa kichwa. Kichwa kilikuwa kimeanza kutembewa.

Kwanza mmoja, nyuma ya sikio. Nikavumilia. Kisha kundi, wanateremka shingoni kwa mpango, wengine wanapanda. Sheikh anasoma, watu kimya, Bwana Mustafa hajaondoa macho. Nikasema Haji, vumilia, hii ni kazi ya dada yako. Nikauma meno. Nikakaza vidole vya miguu. Baba wa bibi harusi akamshika Suleiman mkono, akatamka kumuoza binti yake. Suleiman akavuta pumzi ajibu.

Sisimizi akaniuma ndani ya sikio.

Nikapiga ukelele. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kofia, na kofia haikutoka. Ilikuwa imegandana na nywele. Nikavuta kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, huku nimeinama kama ninayeng'oa muhogo. Ikabanduka, ikajigeuza ndani nje, ikaniponyoka, ikaenda kuangukia kwenye magoti ya Bwana Mustafa. Na mimi nikabaki nimepiga magoti pale katikati, nywele zimesimama, uso unanata, sisimizi wananitembea mashavuni.

Suleiman alikuwa kashajibu, katikati ya ukelele wangu.

Sheikh akaniuliza kwa upole, "Shahidi, umesikia bwana harusi alivyosema?"

"Sikusikia, Sheikh."

"Ulikuwa na nini?"

"Nna wageni kichwani."

Wazee wa safu ya kwanza wakainama, mabega yanatikisika. Sheikh mwenyewe akajifuta mdomo kwa kilemba. Ikabidi Suleiman arudie, maana shahidi lazima asikie. Kanitazama kwanza, kisha akakubali ndoa yake kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake upande wa pili wa barabara. Hiyo nilisikia. Nadhani na bibi harusi kwao alisikia.

Ilipopitishwa halua, mtu mmoja akasema sinia liniruke, mimi nimekuja na yangu. Kicheko kikapasuka. Lakini mimi sikuwa na haja ya halua wala aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa namtazama Bwana Mustafa, kaishika kofia ile ile, anaikung'uta sisimizi mmoja mmoja kwa ukucha. Nilijua nimemuuza dada yangu kwa sufuria ya uji. Nikamfuata.

"Bwana Mustafa, shikamoo. Kosa si lake. Yeye kashona tu, wanga nlitia mie. Na haukuwa wanga, ulikuwa uji wa mama yangu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Kofia ilikuwa bado imegeuka ndani nje, kaisogeza karibu na miwani, kidole gumba kinapita juu ya mishono pole pole.

"Kwa nje kila mtu anashona vizuri," akasema. "Mie hutazama ndani. Siku ile dukani kaniekea kofia yake mezani, nami niliona haya kuigeuza mbele yake, ingekuwa kama namshuku. Hebu tazama. Unaona fundo?"

"Sioni."

"Hakuna. Ndani kama nje. Hizi za mashine ukizigeuza, nyuzi zimetapakaa." Akanirudishia kofia, akakilamba kidole gumba, akafikiri. "Sukari umezidisha. Mwambie Jumamosi aje dukani na zote alizonazo. Na hao wenzake waendelee kushona. Aje yeye. Wewe usije."

Magharibi Da Zuwena akarudi. Nilikusudia kuanza na habari njema, nikajikuta nimeanza na paka. Nikaenda hivyo hivyo, sufuria, pasi, feni, jasho, sikio, mpaka kofia ilipoangukia magotini mwa Bwana Mustafa. Alikuwa kakaa kwenye mkeka na buibui lake bado mwilini, kofia mkononi, anaitazama ilivyoganda vumbi. Nikaogopa. Tangu shemeji afariki tumekizoea kimya chake, na kila akinyamaza huwa sijui niseme nini, na nampenda dada yangu, na sijui kumwambia.

Mama akaita kutoka chumbani.

"Zuwena! Ule uji wa leo ulikuwa wa kitu gani? Midomo imegandana tangu mchana."

Da Zuwena akainua uso pole pole.

"Haji. Mama kanywa wanga wangu?"

"Wote. Na nlimtilia sukari."

Akacheka. Kwanza puani, halafu kifuani, halafu akalala kabisa kwenye mkeka, buibui limemfunika uso, miguu inapiga chini. Alikuwa hajacheka ndani ya nyumba hii tangu msiba. Nilikuwa nimeisahau sauti ile, inapanda juu halafu inakatika kama ya msichana. Mama akatoka kwa kushika ukuta, anauliza tunacheka nini. Akakaa baina yetu naye akacheka, hajui cha nini. Mimi machozi yalinitoka, na si ya sisimizi.

Alipotulia ndipo nikamwambia mzee alivyoitazama kofia ndani, na la Jumamosi. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kaitazama ndani?"

"Kaitazama sana."

Akaigeuza kofia, akapitisha kidole pale pale alipopitisha mzee.

"Sikudhani kuna mtu anatazama ndani," akasema.

Sasa hivi kofia imerowekwa kwenye beseni, na Da Zuwena yuko jikoni anapika wanga mpya, mwenyewe. Mimi nimepewa kazi ya kumzuia paka. Nimesimama mlangoni nawaandikia, na bado kuna mmoja ananitembea mgongoni.

Kofia nunueni. Ila msinicheke, tafadhali. Aliyekuwa anatakiwa kucheka kashacheka.